Mama Waya na gari lililouzwa kama la mtu asiye na mke

Saa mbili asubuhi, na kinachoonekana cha fundi ni miguu tu. Imetokeza nje ya mlango wa dereva, imevaa viatu vya mpira na suruali ya bluu iliyopauka magotini. Mwili mzima umelala chali kwenye kiti cha mbele. Kichwa kimezama chini ya dashibodi. Mkono mmoja umeshika taa ya kupimia umeme, mwingine unapapasa nyaya ambazo macho hayazioni.

Mteja mwenye gari lake anasogea, anainama na kuisemesha ile miguu.

"Kijana, bosi wako yuko wapi?"

"Ndiye huyu," sauti inajibu kutoka chini. "Subiri nitoe kichwa."

Kinachotoka ni kichwa cha mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, kimefungwa kitambaa, bisibisi imebanwa kwa meno. Mteja anatazama huku na huku, kana kwamba fundi wa kweli atachomoza nyuma ya gari.

"Samahani dada, mimi nilidhani…"

"Najua ulidhani nini. Sema shida ya gari."

Hapa wanamwita Mama Waya. Kazi yake ni kufunga redio na spika kwenye magari yaliyotumika, yale ambayo mnunuzi huyakuta na redio imekufa, au imeng'olewa, au ipo lakini inakoroma kama mgonjwa wa mafua. Siku nzuri anafunga magari mawili. Siku nyingine anakaa tangu asubuhi akitazama barabara mpaka jua linazama, hajashika hata bisibisi.

Hana duka. Ana kipande cha kiwanja ubavuni mwa sehemu ya kuoshea magari, turubai la kuzuia jua, meza ya chuma, na betri kuukuu ya kujaribia spika. Maji yenye povu hutiririka kutoka kwa jirani yake hadi chini ya meza, ndiyo maana ametandaza mbao za kusimamia.

"Nimeweka umeme na maji nyumba moja," anatania. "Hata wao wanashangaa mbona bado ni mzima."

Utani wake mwingi ni wa namna hiyo, unakuchekesha kisha unakuacha na donge.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na turubai lake, kuna duka la redio za magari lenye mlango wa kioo. Juu yake pana ubao ulioandikwa kwa herufi nyekundu: KWA MDUNDO. Ubao huo aliupaka rangi Mama Waya mwenyewe, akiwa amesimama juu ya ngazi, na mumewe ameishikilia kwa chini. Mdundo lilikuwa jina la utani la huyo mumewe. Sasa ni marehemu, na mwenye duka ni mdogo wake.

"Naliona kila siku nikifika na nikiondoka," anasema. "Watu hunishauri nihamie mbali, nisijiumize roho. Nihamie wapi? Wateja wamezoea barabara hii. Aliyechukua kisicho chake ndiye ahame, mimi nihame kwa kosa gani?"

Alipokutana na Mdundo alikuwa akiuza makava ya simu kwenye kimeza kidogo, hatua chache kutoka pale kijana huyo alipofanyia kazi zake kabla hajapata duka. Siku moja Mdundo akamwomba amshikie tochi.

"Alianza na tochi. Kesho yake akaniomba nishike waya. Tukaenda hivyo hivyo, shika hiki, shika kile, mwisho akaomba mkono wenyewe," anasimulia, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo anacheka bila kukunja uso.

Baada ya ndoa aliacha makava ya simu, akaingia kwenye magari. Mdundo alimfundisha kwa maneno mepesi ambayo bado anayatumia. Waya wa njano haulali, una umeme hata gari likiwa limezimwa. Waya mwekundu huamka na ufunguo. Mweusi hurudi kwenye chuma cha gari. Ukiibadilishia nafasi huo wa njano na mwekundu, redio itasahau kila kitu gari likizimwa, na betri utaikuta imekwisha.

Gari lao la kwanza lilikuwa dogo, rangi ya fedha, limegongwa ubavuni. Walilinunua likiwa bovu, wakalifufua taratibu. Siku ya kufunga spika, Mdundo alifanya milango mitatu. Wa nne, wa nyuma upande wa kushoto, alimwachia mkewe.

"Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuunga waya kwa risasi ya kulehemu peke yangu. Risasi ikavimba kama jipu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, 'Mke wangu, hii nitairudia siku nikipata nafasi, usije ukatuchomea gari.'"

Binti yao alipozaliwa, kiti cha nyuma cha gari hilo ndicho kilichokuwa kitanda chake mchana, wazazi wakiwa kazini.

Kisha Mdundo akaugua figo. Alipopelekwa hospitali alitembea kwa miguu yake, akikataa kushikwa mkono. Hakutoka akitembea.

Msiba ulikuwa bado umejaa watu shemeji yake alipomfuata chumbani alikokaa na wanawake wenzake.

"Aliniambia, 'Shemeji, naomba funguo za duka na za gari, tushughulikie wageni.' Nikampa. Nilikuwa nalia tu. Siku ile angeniomba meno yangu ningeyang'oa nikampa."

Msiba ulipokwisha alikwenda kufungua duka. Akakuta limeshafunguliwa. Shemeji yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha Mdundo, nyuma ya kioo. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Shemeji, nimekuja kuchukua funguo."

"Funguo za nini?"

"Za hapa, za dukani."

"Dada, hili ni duka la kaka yangu."

"Na mimi ni nani wake?"

"Wewe kapumzike. Umechoka sana."

Anasema neno lililomuuma ni lile "dada". Tangu aolewe, huyo kijana alikuwa akimwita shemeji, na mara nyingi alikula nyumbani kwake, tena alichagua na kipande cha nyama.

Alirudi tena, akazuiwa mlangoni. Fundi mmoja aliyekuwa ameajiriwa na Mdundo alizunguka uani akampa mfuko wa plastiki na kumwambia aondoke haraka. Ndani mlikuwa na chombo cha kulehemu na taa ya kupimia umeme. Ndivyo alivyoanza upya. Mwenye sehemu ya kuoshea magari, mzee mmoja mwenye maneno machache, alimruhusu atumie ubavu wa kiwanja chake.

"Nilimjua mumewe, na yeye nilikuwa namjua," anasema mzee huyo. "Sikuona cha kufikiria."

Gari nalo shemeji aliendelea kuliendesha. Lilipita mbele ya turubai kila siku, na mwenye usukani hakugeuza shingo. Kisha likaacha kupita. Mama Waya akadhani limeharibika, au limepelekwa mbali, na kwa kweli, anasema, alishukuru kutoliona.

Miaka mitatu ikapita. Mapema mwaka huu akaja mteja mmoja, kijana muuguzi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amenunua gari la kwanza maishani mwake. Lilikuwa la bluu iliyokolea, limevalishwa viti vipya na matairi mapya. Alisikia bei ya chini ya turubai ni nafuu kuliko ya dukani, akaja na redio ya skrini kwenye boksi na spika nne, zote akizibeba kama mayai.

"Fundi, ng'oa vyote vya zamani," alimwambia. "Redio, spika, mpaka nyaya. Nataka nianze upya."

Mama Waya akaanza na dashibodi. Alipovuta redio ya zamani na kugeuza nyaya zilizokuwa nyuma yake, mikono ikapunguza mwendo. Kila kiungo kilikuwa kimefungwa kwa tepu ya kitambaa, na mwisho wa tepu umekazwa kwa fundo la uzi. Mdundo ndiye aliyekuwa na mtindo huo. Alisema gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la gari, ila uzi haudanganyi.

"Nikajiambia, tulia, alifundisha watu wengi. Labda ni kazi ya mwanafunzi wake."

Akaendelea. Akafungua paneli za milango ya mbele, kisha ya nyuma kulia. Viungo safi, mafundo ya uzi. Akahamia mlango wa nyuma wa kushoto, akachomoa klipu, akavuta paneli. Chini ya tepu ya kitambaa alikuta risasi imevimba kama jipu.

Mdundo hakuwahi kuirudia.

"Niliishika tu. Rangi walibadilisha, viti walibadilisha, hawakujua kama mlangoni nimo mimi."

Muuguzi, aliyekuwa amekaa kwenye tairi akichezea simu, akaona mikono ya fundi imesimama. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia sehemu hii, kwa sababu Mama Waya akifika hapo huanza kupanga bisibisi zake upya.

"Nilimwuliza, 'Vipi dada, nyaya zimeungua?' Akasema, 'Hapana, hazijaungua.' Akaniuliza gari nimelinunua wapi. Nikamwonyesha lile duka la ng'ambo. Nikamwambia mwenyewe yule pale, gari lilikuwa la kaka yake aliyefariki."

Na mteja, kwa nia njema kabisa, akaongeza jambo ambalo hakuulizwa.

"Nikamwambia niliogopa kidogo kununua mali ya marehemu. Nilimwuliza yule bwana, familia ya kaka yako haitakuja kunisumbua? Akacheka. Akasema, 'Ondoa wasiwasi, kaka yangu hakuacha mke wala mtoto.'"

Kwa mujibu wa muuguzi, fundi alichukua koleo. Aliinamia mlango na kuendelea na kazi.

Alifanya yote yanayotakiwa. Alipitisha nyaya mpya chini ya zulia, kila moja na mlango wake: nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Alipima, akafunga fyuzi, akarudisha paneli bila kuvunja klipu hata moja. Kiungo chake cha kwanza alikikata kwa koleo, kikaangukia kwenye matope ya povu.

Nilimwuliza kama alikiokota. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nikifanyie nini? Nikivae shingoni? Kijana alisema nitoe vyote. Nikatoa vyote."

Redio ilipowashwa, muuguzi akatabasamu mpaka masikioni. Sauti ilijaa gari lote bila kutetema. Mama Waya akamwambia hongera, akaenda nyuma ya turubai. Mzee wa kuosha magari alimkuta huko amechuchumaa, mdomo ameuziba kwa kitambaa cha kichwa.

"Nilimletea maji," anasema mzee. "Sikumwuliza kitu. Kuna kulia kwingine huwezi kumwuliza mtu."

Muuguzi aliyemfuata kumuaga ndiye aliyeuliza. Akajibiwa kwa sentensi mbili.

"Mwenye gari hilo ni mume wangu. Mtoto wake yuko sekondari."

"Nilirudi kukaa kwenye tairi," anakumbuka kijana huyo. "Nilijisikia kama mtu aliyevaa nguo harusini, halafu akaambiwa ni ya maiti aliyevuliwa."

Jioni hiyo Mama Waya hakutaka kumwambia binti yake. Lakini binti ana miaka kumi na mitano, na uso wa mama yake anausoma vizuri kuliko vitabu vya shule. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imezama kwenye beseni la vyombo.

"Siku ya mazishi baba mdogo alinishika kichwa akasema nimefanana na baba mpaka inatisha," binti huyo aliniambia. "Sasa nimefanana na nani?"

Hakulia, anasema mama yake. Alimaliza vyombo, akavifuta, akaviweka kabatini kimoja kimoja. Mama alitamani angevunja hata sahani.

Siku ya mapumziko iliyofuata, Mama Waya alikwenda kumwona mama mkwe wake. Bibi huyo anaishi kwenye chumba cha uani katika nyumba ya mwanawe aliyebaki. Walipendana sana zamani. Yeye ndiye aliyempokea siku ya ndoa na kumkalisha mkekani kwa mikono yake. Tangu msiba hakuwahi kufungua mdomo kuhusu duka wala gari.

Alimkuta anashona kifungo cha shati. Hakukaa.

"Mama, mwanao alikufa hana mke?"

"Nani kasema hivyo?"

"Mwanao mdogo. Kamwambia mtu wakati anauza gari."

Bibi akaendelea kushona.

"Mwanangu, mimi nakula kwake."

"Sijaja kuomba chakula, mama. Nimekuja kuuliza kama nilikuwa mke."

"Ulikuwa mke. Na mke mwema."

"Basi mwambie."

"Nikishamwambia nitalala wapi?"

Mama Waya anasema alisimama mlangoni akiwa na hasira ya kuweza kuvunja ukuta, akatazama kile chumba: kitanda kimoja, ndoo, dirisha linalotazama ukuta.

"Nilimwonea huruma na nikamchukia kwa pumzi hiyo hiyo. Nikamwambia lala salama, mama. Nilikuwa nimempelekea sukari, nikaiacha kizingitini."

Nilivuka barabara kumsikiliza shemeji. Ni mtu mchangamfu, mwenye mikono laini na mwepesi wa kukukaribisha kiti. Hakukanusha.

"Yale ni maneno ya biashara," alisema. "Ukiuza kitu unasema linalomtuliza mnunuzi. Usiyachukulie hivyo."

Kuhusu duka alisema ni mali ya ukoo. "Yule bado ana umri. Kesho ataolewa. Niache jasho la kaka yangu liende kwa mwanaume nisiyemjua?"

Na mtoto?

"Mtoto ni wetu. Sijamkataa hata siku moja."

Nilimwuliza mara ya mwisho alimwona lini. Akasema kuna mteja anamsubiri. Dukani tulikuwa wawili tu.

Kazi yenyewe nayo inazidi kubana. Magari mapya huja na skrini zilizoungana na mitambo mingine, ukigusa redio na kiyoyozi kinagoma. Yanayobaki kwa Mama Waya ni magari ya watu wa kipato cha chini, wanaotaka tu muziki wa kuwasahaulisha foleni. Mgongo unamsumbua kwa kulala chini ya dashibodi. Vidole vyake viwili havihisi moto tena, vimezoea kuungua.

Hata hivyo, kitu kimoja kimebadilika. Kwa miaka mitatu alikuwa akisema hataki kesi, kwamba atajenga upya na kumwachia Mungu. Baada ya lile gari la bluu alikwenda kwa wanasheria wanaosaidia wanawake bila malipo. Walimwambia ukweli wote: ana haki, na haki hiyo inaweza kuchukua miaka. Shauri limeshafunguliwa, na mwezi ujao litatajwa kwa mara ya kwanza.

Muuguzi amekubali kuwa shahidi, ingawa alijua kwamba ushahidi wake ungeweza kumnyang'anya gari alilolitolea jasho. "Nitasema nilichoambiwa, neno kwa neno," anasema. "Sijalala vizuri tangu siku ile. Redio yenyewe siiwashi."

Mama Waya aliposikia hivyo alirudi kwa mwanasheria na kumtaka aliondoe gari kwenye madai. Mwanasheria alimbishia, akisema ndilo dai jepesi kuliko yote kulithibitisha. Mama Waya alikataa.

"Kijana alinunua mchana kweupe. Nikimnyang'anya nitakuwa nimemfanyia kile kile nilichofanyiwa mimi. Wacha aendeshe, na muziki asikilize, nimemfungia kwa mikono yangu."

Anachodai ni duka, au sehemu yake na ya mtoto. Hajui kama mama mkwe atafika kutoa ushahidi. Wito amepelekewa, jibu halijarudi. Hajui hata kama atashinda. Shemeji ana wakili wa kulipwa, na anajua kuongea.

Jioni anakunja turubai, anafungia vifaa vyake kwenye sanduku la chuma na kulitia mnyororo. Namwuliza, kati ya yote, anatarajia nini hasa.

Anafikiri, anajifuta grisi kiganjani.

"Duka nikilikosa nitaumia, lakini nitakula. Nimekula miaka yote hii kwa turubai. Ila siku shemeji atakayosimama kizimbani kutoa ushahidi, nitamwombea binti yangu ruhusa shuleni. Nitamkalisha mbele kabisa. Hakimu atamwuliza shemeji kama kaka yake aliacha mtoto," anasema. "Ajibu huku wanatazamana."